Siti binti Saad: Mfinyanzi aliyewaimbia wanyonge

ANAYEFIKA katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii huwakuta wanawake walioamka alfajiri na mizigo yao, wakinadi ndizi, mboga na nguo za mitumba. Ni nadra mnunuzi kufikiri kuwa sauti ya mchuuzi kama huyo inaweza kuwanyima usingizi wakubwa.

Hata hivyo, Afrika Mashariki imewahi kuwa na mchuuzi wa aina hiyo. Huyo ni Siti binti Saad, mfinyanzi wa Zanzibar aliyekuja kuwa malkia wa taarab.

Siti alizaliwa kijijini Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na kila alipoitwa alikumbushwa nafasi yake katika jamii. Hakupata kwenda shule. Alijifunza kufinyanga vyungu, akavipeleka mjini kuviuza huku akiimba, na sauti yake ikawa inatangulia kufika kabla ya bidhaa zake.

Mwaka 1911 alihamia mjini kutafuta maisha. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyevutiwa na kipaji chake na kumfundisha uimbaji.

Nyakati hizo taarab ilikuwa burudani ya kasri na ya matajiri, na ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, wakiwemo Mbaruk Talsam na Subeit Ambar, waliiteremsha hadi kwa watu wa kawaida na kuiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay, India, wakarekodi nyimbo zao katika kampuni ya His Master's Voice. Santuri hizo zilisikika kote pwani na bara.

Umaarufu haukumwepusha na dharau. Washindani wake walimtungia wimbo wa kumkejeli kwa sura yake na kwa kutoka shamba. Siti hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa wimbo, akieleza kuwa utu wa mtu hupimwa kwa akili na mwenendo wake wala si kwa uzuri wa uso.

Kilele cha ujasiri wake ni wimbo kuhusu Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka bara kisha akatorokea ng'ambo ya bahari. Wanawake waliokuwa na marehemu walipofika mahakamani kama mashahidi, wao ndio waliotiwa hatiani na kufungwa, ilhali muuaji alikuwa huru.

Wimbo huo haukumfufua marehemu wala kuwafungua wafungwa. Lakini uliinyima serikali ya kikoloni nafasi ya kuizika kesi hiyo. Hukumu iliyotolewa na hakimu ilipelekwa barazani, nako raia wakamhukumu hakimu mwenyewe. Hakuna aliyeshika panga.

Siti alifariki Julai 8, 1950. Mwandishi mashuhuri Shaaban Robert, aliyekutana naye katika siku zake za mwisho, aliandika wasifu wake. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA), kilichoasisiwa mwaka 1987, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti.

Kenya ina sababu ya kuyatafakari maisha haya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani walishambuliana na kuchomeana nyumba katika mpaka wa Borabu na Sotik, si mbali na Kisii. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilivitaja vituo vya redio vya lugha za mama miongoni mwa waliochochea chuki. Sauti na wimbo, silaha zile zile za Siti, ziligeuzwa kuwa kiberiti.

Ni dhahiri basi kuwa sanaa peke yake haileti amani. Ni lazima msanii achague upande. Siti alikuwa na kila sababu ya kuimba chuki, kwani alizaliwa chini ya jina la utumwa na akadharauliwa hata alipofaulu. Alichagua kuutaja uovu kwa jina lake na kumtaja aliyeutenda, bila kuwabebesha lawama kabila au ukoo mzima.

Huo ndio mpaka kati ya mtetezi wa haki na mchochezi. Kila anayeshika kipaza sauti, awe Unguja au Daraja Mbili, hana budi kuujua.