Hermann Hellriegel na Mizizi ya Njegere

Hermann Hellriegel alizaliwa Ujerumani mwaka 1831, na kazi yake ilikuwa kuchungua chakula cha mimea. Alipanda shayiri na njegere katika vyungu vya mchanga, akavitia madini yote yahitajiwayo na mmea, ila naitrojeni. Shayiri ilidumaa, kama alivyotazamia. Lakini njegere zilimtatiza sana: katika mchanga ule ule, chungu kimoja kilisitawi na jirani yake kikadhoofu. Mtu mwingine angalilaumu mbegu, akaacha. Yeye aling'oa mimea, akatazama mizizi. Ile iliyonawiri ilikuwa na vinundu. Ile dhaifu haikuwa navyo.

Basi akauchoma mchanga kwa moto ili kuua vijidudu vyote, akapanda tena. Njegere zikadhoofu. Kisha akatia katika baadhi ya vyungu maji yaliyokorogwa na udongo kidogo wa shamba. Vinundu vikatokea, mimea ikasitawi. Ndipo alipojua ya kuwa vijidudu vya udongoni huingia mizizini, na kwa msaada wao njegere hujipatia naitrojeni ya hewani. Aliitangaza habari hiyo Berlin mwaka 1886, akafa mwaka 1895. Vijidudu vya namna hiyo ndivyo wakulima wanavyopaka mbegu za njegere kabla ya kuzipanda katika shamba lisilopata kuziotesha.