Bill Robinson: Mzee aliyezifanya ngazi kuwa ngoma

Kuna kipande kimoja cha sinema ya zamani ambacho huzunguka kwenye simu za watu hadi leo. Mzee mweusi aliyevaa sare ya mtumishi anapanda ngazi akicheza, ameshikana mkono na mtoto wa kizungu mwenye nywele za mapete. Hakuna vyombo vya muziki vya kutajika. Muziki wenyewe ni viatu vyake juu ya mbao. Picha hiyo ilitoka mwaka 1935, yaani inakaribia kutimiza karne, na bado watoto wangu wa skuli ya msingi wakiiona hutaka irudishwe mwanzo.

Mpenzi msomaji, leo nataka tumzungumzie huyo mzee. Jina lake ni Bill Robinson, na Marekani nzima ikimjua kwa lakabu ya Bojangles. Wengi tunaitazama miguu yake na kupita. Maisha yake ndiyo yenye mafunzo, na yana swali moja ambalo mpaka leo halijapata jibu la kuwaridhisha wote.

Alizaliwa tarehe 25 Mei 1878 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, miaka 13 tu baada ya vita vilivyoumaliza utumwa nchini mwao. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Luther, lakini hakulipenda, akajitwalia jina la Bill. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na bibi yake, mama aliyewahi kuwa mtumwa. Skuli hakukaa sana. Tangu utotoni alikuwa akicheza dansi kwenye mabaa ya Richmond ili atupiwe senti.

Dansi yenyewe ina historia ya kusikitisha. Waafrika waliopelekwa Marekani kwa nguvu walikwenda na ngoma zao kichwani. Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi, wakaandamana wakipiga ngoma, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuwakataza kumiliki ngoma. Ngoma ilipokatazwa, mdundo ulihamia mwilini: viganja vikapigwa mapajani, visigino vikapigwa sakafuni. Baadaye, kwenye mitaa ya maskini ya miji kama New York, weusi hao walikaa jirani na wahamiaji wa Ireland waliokuwa na michezo yao ya miguu. Wakatazamana, wakashindana, wakaibiana hatua. Hapo ikakua dansi ya kugonga miguu tunayoiona kwenye sinema. Sisi watu wa mwambao, ambao goma na chakacha hatukufundishwa na mtu skulini, twaelewa vyema jinsi mdundo unavyoweza kurithiwa bila kuandikwa.

Robinson alipoanza kazi ya jukwaani, maonyesho ya mchanganyiko yaliyokuwa yakizunguka mji hadi mji yalikuwa na kanuni ya ajabu. Msanii mweusi hakuruhusiwa kupanda jukwaani peke yake. Sharti wawe wawili. Kwa hivyo kuanzia mwaka 1902 alishirikiana na mwenzake, George Cooper, kwa zaidi ya miaka 10. Walipoachana, Robinson alifanya jambo ambalo weusi wachache mno walikuwa wamewahi kulifanya: alisimama peke yake mbele ya watazamaji wa kizungu. Tena alisimama kwa uso wake. Zama hizo ilikuwa kawaida msanii, hata akiwa mweusi, kujipaka masizi usoni ili awachekeshe watu. Yeye alikataa kujipaka.

Ufundi wake ulikuwa wapi? Wachezaji wa kabla yake wengi walikanyaga kwa wayo mzima, mwili ukiinama, mikono ikirushwa huku na huku. Robinson aliinuka akasimama kwenye vidole. Kiwiliwili kilitulia kana kwamba yuko barazani akinywa kahawa, kazi yote ikafanywa kuanzia magotini kwenda chini. Viatu vyake vilikuwa na soli ya mbao, na kila mgongo ulisikika kivyake, safi, kama mtu anayehesabu tasbihi bila kuruka hata punje moja. Kufikia mwaka 1918 alikuwa tayari akionyesha dansi yake ya ngazi kwenye ukumbi wa Palace mjini New York. Alitengenezewa vingazi vya kupanda na kushuka, na kila daraja likatoa sauti yake. Wengine walijaribu kuiiga, naye aliilinda kama mwenye shamba anavyolinda mpaka.

Mwaka 1928, akitimiza umri wa miaka 50, ndipo alipopata sifa kubwa Broadway kwenye onyesho la Blackbirds, lililochezwa zaidi ya mara 500. Hebu fikiria. Katika umri ambao wachezaji wengi miguu imeshachoka, yeye ndipo anaanza kujulikana kikwelikweli.

Bahati yake ilikutana na mabadiliko ya sinema. Mwaka 1927 picha zilianza kusema, na zilipoanza kusema zikataka pia kuimba na kucheza. Miaka miwili baadaye uchumi wa Marekani ukaporomoka. Mamilioni walipoteza kazi, na mtu mwenye senti chache mfukoni alikwenda sinema apate saa moja ya kusahau. Busby Berkeley akawapanga wasichana kwa makumi na kuwapiga picha kutoka juu, wakawa kama maua yanayofunga na kufunguka. Fred Astaire akashikilia kwamba kamera imwonyeshe kuanzia utosini hadi vidoleni, bila kukatakata. Nadhani hiyo ndiyo siri ya picha hizo kudumu. Leo mchezaji akiinua mguu, kamera imesharuka mara nne. Zamani hizo ulimwona binadamu mzima akifanya jambo gumu kwa wepesi, na ulijua hakuna hila.

Ndipo mwaka 1935 studio ya Fox ikamwita Robinson kwenye picha ya The Little Colonel. Alipewa nafasi ya mtumishi katika nyumba ya mzee wa kizungu wa Kentucky. Mjukuu wa mzee huyo, akichezwa na Shirley Temple, hataki kwenda kulala. Mtumishi anamwonyesha namna mpya ya kupanda ngazi, mtoto anaingia kwenye mdundo, na wanapanda pamoja. Shirley alikuwa na umri wa miaka 6. Robinson alikuwa na miaka 56, naye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hatua zile. Walizoeana kama mjomba na mtoto wa nduguye, wakacheza pamoja katika picha kadhaa zilizofuata.

Lakini hapo pana jambo la kutafakari. Hao walikuwa mweusi na mzungu wa kwanza kucheza pamoja kama washirika katika sinema ya Hollywood. Mzee na mtoto, ngazini, wakati wa kulala. Hata hivyo, katika miji ya Kusini mwa Marekani tukio hilo lilikatwa na watazamaji hawakuonyeshwa. Mkono mweusi kuushika mkono mweupe, hata wa mtoto wa miaka 6, uliwatisha watu wazima.

Mwaka uliofuata, Fred Astaire alitaka kumheshimu Robinson katika picha ya Swing Time. Akacheza dansi nzuri kupindukia yenye jina la Bojangles ndani yake. Lakini aliicheza uso ukiwa umepakwa rangi nyeusi. Heshima na dharau zikavaa kanzu moja. Yule aliyekataa kujipaka masizi, sifa yake ikaja imepakwa masizi.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Robinson alilipwa pesa nyingi kuliko karibu mweusi yeyote jukwaani, lakini kwenye sinema nafasi zake zilikuwa zile zile: mtumishi, mtumwa mwaminifu, mzee mwenye tabasamu lisilokatika. Katika The Littlest Rebel, picha ya mwaka huo huo wa 1935, alikuwa mtumwa anayewahudumia mabwana zake kwa mapenzi, kana kwamba utumwa ulikuwa udugu. Vijana weusi wa wakati wake, na hasa waliokuja baada yake, walimlaumu. Walimwona ni mtu aliyeinamisha kichwa ili mzungu afurahi.

Mimi sitawabeza waliomlaumu. Walikuwa na haki ya kuumia, kwa sababu picha hizo zilipeleka uongo mbali sana. Lakini wahenga wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Swali ni je, aliyeinama alitoka na nini mkononi?

Tumtazame nje ya sinema. Mwaka 1933, akiwa Richmond mji wake wa kuzaliwa, aliwaona watoto wawili wakihatarisha maisha yao kufuata mpira kwenye njia yenye magari mengi. Alitoa pesa zake mwenyewe kuwekwa taa za barabarani mahali pale, katika mtaa wa watu weusi uliosahauliwa na wakubwa. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa timu ya besiboli ya weusi ya New York, wakati ligi kubwa zilikuwa zimewafungia mlango. Alishiriki kuunda chama cha kuwasaidia waigizaji weusi waliokwama, akawa rais wake wa heshima. Maonyesho ya hisani aliyocheza bila malipo ni mengi mno. Hiyo si kazi ya mtu aliyewasahau wenziwe.

Wala sitaki kumfanya walii. Alikuwa na hasira za karibu, na alikuwa na ugonjwa wa kamari. Alitoa kwa mkono wa kulia na kupoteza kwa mkono wa kushoto, na chovya chovya humaliza buyu la asali. Inakadiriwa kwamba maishani mwake alichuma zaidi ya dola milioni 2, pesa za kutisha kwa zama zile.

Mwaka 1943 alipata hatimaye nafasi iliyomfaa, katika picha ya Stormy Weather, iliyofuatisha kwa mbali maisha yake mwenyewe. Wasanii wake wakuu wote walikuwa weusi: Lena Horne, Cab Calloway, Fats Waller. Robinson alikuwa na miaka 65, na safari hii hakuwa mtumishi wa mtu. Katika picha hiyo hiyo, ndugu wawili wa familia ya Nicholas, Fayard na Harold, wanashuka ngazi kubwa kwa kurukana vichwani, kila mmoja akitua miguu imepasuka pande mbili, kisha anainuka bila kugusa chini kwa mikono. Mzee alizipanda ngazi kwa upole ili mlango ufunguke. Vijana wakazishuka kwa kuruka. Anayetaka kujua Robinson alitoka na nini mvunguni, atazame hapo.

Alifariki kwa maradhi ya moyo mjini New York tarehe 25 Novemba 1949, akiwa na umri wa miaka 71. Mfukoni hakuwa na kitu. Mazishi yake yalisimamiwa na rafiki yake Ed Sullivan, mtangazaji maarufu. Lakini Harlem haikumwacha azikwe kama maskini. Maelfu kwa maelfu walipanga foleni kumuaga, skuli zikafungwa ili watoto nao wapate kusimama njiani, na barabara zikajaa mpaka makaburini Brooklyn. Sisi tunajua jeneza la mtu ni mizani. Hesabu ya benki ilisema hana kitu. Hesabu ya watu ilisema vingine.

Mwaka 1973 mji wa Richmond ulimsimamishia sanamu, akiwa anashuka ngazi, karibu na mahali alipoweka zile taa. Mwaka 1989 Bunge la Marekani liliitangaza siku yake ya kuzaliwa, tarehe 25 Mei, kuwa siku ya taifa ya dansi ya kugonga miguu. Na yule mtoto wa ngazini, Shirley Temple, alipokuwa mtu mzima alirudi kwenye asili ya ule mdundo kwa njia nyingine: mwaka 1974 alikwenda Ghana kuwa balozi wa nchi yake.

Nimeyaandika haya kwa sababu hata hapa kwetu twawahukumu wasanii kwa pupa. Kijana akicheza ngoma hotelini mbele ya watalii, twasema amejidhalilisha, wala hatumuulizi nyumbani kuna wangapi wanaokula kwa miguu ile, wala anamfundisha nani. Kuna anayeinama akasahau kuinuka, huyo ana lawama. Lakini kuna anayeinama ili wa nyuma yake apite akiwa wima.

Kwa hivyo kipande kile kikikufikia tena kwenye simu, usiitazame miguu peke yake. Itazame ile mikono miwili iliyoshikana, ambayo kuna watu wazima waliona bora waikate kwa mkasi kuliko kuwaacha watoto wao waione. Mkasi umeshaoza. Mikono bado imeshikana.