Apolo Kivebulaya, Mtu wa Mboga

Wengi wetu tuliozaliwa chini ya Mlima Kwaraa tumesikia habari za mashahidi wa Uganda. Habari za Apolo Kivebulaya hatuzisikii mara nyingi, maana yeye hakuuawa. Alifungwa, akafunguliwa, kisha akarudi kwa mtu yule yule aliyempeleka kifungoni.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, naye alikuwa pacha. Ndiyo sababu aliitwa Waswa. Katika ujana wake alikuwa askari katika vita vya dini vilivyoivuruga nchi yao. Mwaka 1895 alibatizwa, akaitwa Apolo. Jina la Kivebulaya, maana yake kitu kitokacho Ulaya, alipewa na watu kwa ajili ya koti alilovaa juu ya kanzu yake.

Mwaka 1896 alikwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, mahali paitwapo siku hizi Boga katika nchi ya Kongo. Walimu wawili Waganda walikuwa wamemtangulia, wakashindwa na njaa wakaondoka, kwa kuwa Tabaro, mkuu wa nchi, hakutaka wapewe chakula. Apolo akashika jembe akalima shamba lake mwenyewe. Walimu wanaosoma haya watanielewa nikisema kwamba hilo halikuwa jambo dogo. Waganda wa siku zile walijiona kuwa wakubwa kuliko jirani zao, na mwalimu alitazamia kulishwa. Apolo aliiweka heshima ile kando, akainama ardhini mbele ya watu aliokuja kuwafundisha.

Lakini Tabaro hakupendezwa. Aliona mafundisho yale yatampunguzia enzi na kumkataza wake wengi na pombe, akamtesa Apolo pamoja na wanafunzi wake. Ndipo msiba ukatokea. Walipokuwa wakijenga kanisa, dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa umefichika katika majani, akafa. Tabaro akamshitaki Apolo kuwa ndiye aliyemwua. Akafungwa, akavushwa Semliki mpaka Fort Portal, akatiwa kifungoni. Katika siku zile za taabu, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Kristo akiangaza kama jua, akamtia moyo asiogope.

Hatimaye akaachiliwa. Basi, tufikiri kidogo: mtu aliyesingiziwa damu, naye amepata njia ya kwenda kwao kwa heshima, ana haki gani asiyoweza kuidai? Angaliweza kuomba kazi Toro kwenye watu waliompenda. Angaliweza kuitaka serikali imwadhibu Tabaro. Mimi naona kifungo chenyewe kilikuwa chepesi kuliko safari ya kurudi, kwa maana kifungoni alipelekwa kwa nguvu, bali Mboga alirudi kwa miguu yake. Wala tusimsahau Tabaro: yeye naye alikuwa amefiwa na dada, na mwenye uchungu hutafuta wa kumlaumu. Yaelekea Apolo alilifahamu hilo, kwani hakurudi kudai fidia, alirudi kufundisha. Hata mwisho Tabaro mwenyewe akaamini, akabatizwa.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, akafanya kazi miaka mingi katika Toro. Mipaka ya serikali ilipobadilishwa na Mboga kuwa upande wa Kongo, alirudi tena huko. Tangu mwaka 1921 aliingia mwituni kwa Wambuti, watu wafupi wa msitu wa Ituri, ambao majirani zao wengi waliwadharau. Akakaa kati yao na kuwafundisha. Mwaka 1922 akawa kanoni. Mke hakuwa naye, na mali hakujiwekea.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliagiza chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu ambako kazi ilikuwa haijakwisha, nao wakamzika hivyo.