Edgar Codd na Daftari Lisilo na Mstari wa Mwisho

Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hayati Edgar Frank Codd aliongeza sharti: maana ya daftari isitegemee mahali mstari ulipoandikwa.

Codd alizaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Portland, Uingereza. Alisomea hisabati na kemia Oxford, akawa rubani wa kijeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1948 akahamia Marekani kuifanyia kazi kampuni ya IBM. Msako wa Seneta McCarthy dhidi ya walioshukiwa kuwa wakomunisti ulimchukiza, naye akahamia Kanada mwaka 1953. Baadaye alirejea, na mwaka 1965 akahitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Michigan.

Enzi hizo, aliyetaka habari kutoka kwenye tarakilishi alilazimika kuijua njia ya kuzifikia, hatua kwa hatua. Katika makala yake ya mwaka 1970, Codd alipendekeza data iwekwe katika majedwali ambayo mistari yake haina mpangilio wa lazima. Mtu aeleze anachotaka, mashine itafute njia.

Uhuru huo una gharama yake. Chukua mfano wa karani wa ghala mjini Elburgon anayenakili idadi ya mbao mara kadhaa kwa siku. Katika daftari la karatasi, hesabu ya kufungia siku ni mstari wa chini. Katika jedwali la Codd hakuna juu wala chini: saa isipoandikwa, hakuna rekodi ya mwisho. Ikiandikwa, rekodi hugawanywa kwa siku, saa ya mwisho ya kila siku hutafutwa, kisha jedwali hurejewa ili mstari wenye saa hiyo uletwe mzima. Anayeiruka hatua hii ya tatu huenda akaoanisha saa ya jioni na hesabu ya asubuhi.

IBM haikuharakisha kulitekeleza wazo hilo. Hata hivyo, mwaka 1981 Codd alitunukiwa Tuzo ya Turing. Alifariki Florida mwezi Aprili 2003.

Mtunga kamusi anayehifadhi fasiri za kidahizo kimoja mwaka baada ya mwaka hana tofauti na karani yule. Asipozitia tarehe, hakuna tarakilishi itakayomwambia ipi ndiyo ya mwisho.