Henry Clay: Bingwa wa Bunge Aliyeukosa Urais

Katika historia nzima ya Marekani, ni maseneta watatu tu waliochaguliwa kuwa rais wakiwa bado katika viti vyao: Harding mwaka 1920, Kennedy mwaka 1960 na Obama mwaka 2008. Maisha ya Henry Clay yanaonyesha mojawapo ya sababu za uchache huo.

Clay alizaliwa Virginia mwaka 1777, kisha akahamia Kentucky na kuwa wakili mjini Lexington. Alipoingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1811, alichaguliwa kuwa Spika siku ile ile ya kwanza. Kipaji chake kilikuwa kusuluhisha. Mwaka 1820 alisaidia kupitisha mapatano ya Missouri kuhusu mipaka ya utumwa, na mwaka 1833 alituliza mgogoro wa ushuru wa forodha. (Yeye mwenyewe alimiliki watumwa huku akiulaumu utumwa; mgongano huo hakuupatia suluhu.)

Mwaka 1824 aligombea urais akawa wa nne. Kwa kuwa hakuna aliyepata wingi wa kutosha, uamuzi ulipelekwa katika Baraza alilokuwa Spika wake. Alimuunga mkono John Quincy Adams dhidi ya Andrew Jackson aliyeongoza kwa kura, na Adams akamteua kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Bungeni, kuungana kwa namna hiyo ni jambo la kila siku. Nje ya Bunge lilionekana kuwa biashara chafu. Doa hilo halikumtoka. Mwaka 1832 Jackson alimshinda kwa kura 219 za wajumbe dhidi ya 49.

Kisa cha mwaka 1844 ndicho chenye mafunzo zaidi, hasa kwa mwanaisimu. Mwezi Aprili, Clay aliandika barua ya kupinga kuiunganisha Texas na Marekani. Mwezi Julai, akiwaandikia watu wa Alabama, alieleza kwamba hangeipinga hatua hiyo endapo ingefanyika bila vita, bila fedheha na kwa ridhaa ya wote. Bungeni, sentensi za masharti kama hizo ndizo zinazovuta kura za pande mbili. Katika kampeni, kila upande ulisoma sharti lililouudhi. Mpinzani wake, James Polk, aliyewahi pia kuwa Spika lakini baadaye akawa gavana, alisema waziwazi kwamba Texas iingizwe. Clay alishindwa New York kwa kura zipatazo 5,000, ilhali mgombea wa wapinga utumwa, James Birney, alipata zaidi ya 15,000 humo. Jimbo hilo peke yake lingempa urais.

Mwaka 1848 chama chake cha Whig kilimwacha, kikamteua Jenerali Zachary Taylor, ambaye hakuwahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa, na Taylor akashinda. Clay alirudi Seneti, akaasisi mapatano ya mwaka 1850. Alifariki tarehe 29 Juni 1852, na mwili wake ukawa wa kwanza kulazwa chini ya kuba la Bunge ili wananchi wautolee heshima za mwisho.