Walker na Hesabu ya Mvua

Sisi watu wa mwambao kaskazi na kusi twazijua tangu utotoni, na manahodha wetu walizihesabu kwa Nairuzi. Ndiyo maana namuonea taajabu Gilbert Walker, mzaliwa wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1868, aliyekuja kushughulishwa na pepo hizo hizo ilhali hakuwa baharia wala mjuzi wa mawingu. Alikuwa mwanahesabu wa Cambridge, wa kwanza katika mtihani wa 1889, na mchezo wake ulikuwa kurusha bumerangi, kile kigongo cha wenyeji wa Australia kimrudiacho mwenyewe.

Mwaka 1904 akakabidhiwa idara ya hali ya hewa ya Bara Hindi. Mzigo ulikuwa mzito. Mvua zilikosa 1877, zikakosa tena 1899, na njaa ikaua watu kwa mamilioni. Waliomtangulia walibashiri kwa kutazama theluji ya Himalaya, na ubashiri wa 1899 ukatoka kinyume.

Wako waliodai mvua zimepungua moja kwa moja. Walker akafungua madaftari ya miaka mingi, akapima, asione ushahidi wa badiliko la kudumu. Na wale waliosema mvua huandama madoa ya jua? Akawapima nao, akakuta uhusiano ni dhaifu.

Kisha akawapanga makarani wa Kihindi wakalinganisha, kwa kalamu na karatasi, mvua na uzito wa hewa wa vituo vya pembe zote za dunia. Ndipo siri ikajitokeza: hewa ikiwa nzito upande wa Pasifiki huwa nyepesi upande wa Bahari ya Hindi, kisha hugeuka, mfano wa pembea. Mwaka 1924 akaiita pembea ya kusini, na mwaka huo huo akarudi London kusomesha.

Wengi walimbeza: namba tupu, sababu haipo! Na kwa kweli mvua za Bara Hindi hazikumtii. Yeye mwenyewe aliona zafaa zaidi kubashiria mambo ya mbele kuliko kubashiriwa.

Alifariki 1958. Miaka 11 baadaye Jacob Bjerknes akaieleza sababu, kwamba ni joto la maji ya Pasifiki, lile la El Niño, na mzunguko wa hewa wa huko akaupa jina la Walker. Mara nyingi pembea hiyo inapoinyima Bara Hindi, hutumwagia sisi. Ilikuwa na mkono wake katika vuli ya 1997, ilipokatika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi.