Grey Owl, Mtega Biva Aliyetegua Mitego Yake

Wako watu wajifunzao kazi kwa mikono upesi, lakini maana yake huwajia baadaye sana. Mmoja wao alikuwa Grey Owl wa Kanada, ambaye jina lake maana yake ni Bundi wa Kijivu. Alianza kwa kujifunza kuua biva, akaishia kuwa mlinzi wao mkuu.

Biva ni mnyama wa nchi za baridi. Ni wa jamii ya panya na ndezi, lakini ni mkubwa kuliko hao, kwani mzima aweza kupata kilo 20 au zaidi. Mkia wake ni mpana kama kafi, na kwa meno yake huangusha miti. Hujenga kizuizi cha miti na matope katika kijito, maji yakakusanyika yakawa bwawa, kisha hujenga nyumba yake humo, na mlango wake huwa chini ya maji. Kwa miaka mamia watu wa Ulaya walitaka manyoya yake kwa kutengenezea kofia, na biva wengi mno waliuawa.

Grey Owl alizaliwa mjini Hastings, Uingereza, tarehe 18 Septemba, 1888. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Archibald Belaney. Hakulelewa na wazazi wake, bali na bibi yake na shangazi zake wawili. Tangu utoto alipenda wanyama, na alipenda sana kusoma habari za wenyeji wa asili wa Amerika. Mwaka 1906, akiwa na miaka 17, alipanda meli kwenda Kanada. Baadaye alifika kwenye ziwa Temagami, kaskazini ya jimbo la Ontario, wanakokaa watu wa kabila la Ojibwe. Mwaka 1910 alimwoa Angele Egwuna, binti wa kabila hilo, na jamaa za mkewe wakamfundisha lugha yao na kazi za msituni.

Basi, kutega biva si kazi ya kukurupukia. Kwanza ilimpasa mwanafunzi kujua safari: kupiga kafi siku nzima, kubeba mzigo na mtumbwi kutoka ziwa hadi ziwa, na kutembea juu ya theluji kwa viatu vipana vilivyosukwa kwa kamba za ngozi. Kisha ilimpasa kuyasoma maji: kisiki kilichokatwa jana si sawa na kilichokatwa mwaka jana, na njia ya biva ukingoni yaonyesha apitapo usiku. Ndipo lilipokuja somo la mtego wenyewe. Mtego wa chuma huwekwa chini kidogo ya maji, mahali anapopandia. Karibu yake hupakwa harufu itokayo katika tezi za biva, naye huja kutazama ni mgeni gani aliyeingia kwake. Mtego hufungwa hivi kwamba akinaswa na kukimbilia kwenye kina, asiweze kurudi juu, akafa maji. Wakati wa baridi, barafu ikifunika ziwa, mtegaji hutoboa shimo na kutega kwa fimbo ya mti mbichi.

Lakini Waojibwe walikuwa na somo kubwa kuliko hayo yote. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake la kuwinda, nao hawakumaliza biva wa nyumba moja, bali waliacha wengine wapate kuzaa. Belaney alilisikia somo hilo mapema, ila halikumwingia moyoni kwa miaka mingi.

Wala mwenendo wake haukuwa mwema siku zote. Alimwacha Angele na mtoto wao, akaenda kuwinda mahali pengine. Mwaka 1915 aliingia katika jeshi la Kanada, akapigana Ulaya, akajeruhiwa mguu mwaka 1916. Aliporudi msituni alikuta mambo yamebadilika. Wawindaji wageni walikuwa wamejaa, na mabwawa mengi yalikuwa matupu.

Mwaka 1925 alikutana na Anahareo, msichana wa kabila la Mohawk, wakakaa pamoja. Anahareo alifuatana naye kwenye mitego, na alichoona huko kilimhuzunisha. Katika mwaka 1928, wakati biva wana watoto, Grey Owl alitega penye nyumba ya biva, na mama akapotea na mtego. Mara wakaona watoto wawili juu ya maji. Grey Owl aliinua bunduki ili awaue, kwa kuwa bila mama wangekufa kwa njaa. Anahareo akamsihi awaokoe. Wakawachukua, wakawapa majina ya McGinnis na McGinty, wakawalisha maziwa. Wale watoto walilia kama watoto wa watu, wakalala karibu nao.

Hapo ndipo lile somo la kale lilipomwingia. Kila alichojua juu ya biva alikuwa amekijua kwa ajili ya kuwaua. Sasa aliwajua kwa kukaa nao. Akaacha kutega, ingawa hakuwa na kazi nyingine na fedha zilikuwa haba. Baadaye wale biva wawili walitoweka wasionekane tena, lakini hakurudi kwenye mitego. Alianza kuandika kwa magazeti, na mwaka 1931 serikali ya Kanada ikamwajiri kuwatunza biva katika hifadhi zake. Alikaa kando ya ziwa dogo la Ajawaan, katika jimbo la Saskatchewan, na biva walijenga nyumba yao hata ndani ya kibanda chake. Aliandika vitabu vinne, akahutubia maelfu ya watu Uingereza, na mwaka 1937 alizungumza mbele ya Mfalme George wa Sita.

Alifariki tarehe 13 Aprili, 1938, kwa homa ya mapafu. Mara magazeti yakatangaza kwamba hakuwa mwenyeji wa asili hata kidogo. Alikuwa amewaambia watu kuwa mama yake ni wa kabila la Apache, nao walimsadiki. Wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Waojibwe waliomfundisha walistahili kutajwa kwa majina yao, wala hakuwa na haki ya kujifanya mmoja wao ili asikilizwe.

Hata hivyo aliyoyasema juu ya biva yalikuwa kweli. Leo biva wa Kanada wamekuwa wengi tena kwa sababu ya sheria na juhudi za watu wengi, na mwaka 1975 mnyama huyo alifanywa nembo ya taifa.

Wanafunzi wenzangu, tusimwige Grey Owl katika uongo wake, maana uongo uliichafua hata kazi yake njema. Lakini tumwige katika jambo hili: alipotambua kwamba ufundi wake waleta uharibifu, hakuona haya kuanza upya, ingawa alikuwa karibu kutimiza miaka 40 na hakujua kesho atakula nini.